Chumba cha Wazazi

14 Machi

Mume wangu amenunua kofia. Kofia ya ukili, pana kama ungo, yenye utepe wa buluu. Ameivaa kutoka dukani mpaka nyumbani huku mvua inamnyeshea, na kila aliyepishana naye aligeuka kumtazama. Ameingia, akaivua, akaikung'utia maji sakafuni nilipokuwa nimetoka kupiga deki, akaitundika kwenye msumari wa kalenda.

"Ya likizo hiyo," akasema.

Likizo! Mwanangu hajatimiza mwezi ardhini, baba yake ananunua kofia ya likizo.

Naandika kwa sababu nikisema nitatukana, na nikitukana wifi yangu atasikia akiwa chumba cha pili, na kabla ya jioni ukoo mzima utakuwa umepata habari. Daftari hili lilikuwa la oda za foronya. Tangu msiba sijapokea oda hata moja, kwa hiyo kurasa ninazo za kumwaga.

15 Machi

Mvua. Hatujasemezana.

17 Machi

Leo nimetulia kidogo, ngoja niandike mambo kwa mpangilio.

Sisi ni watu wa mito na magodoro. Mume wangu, ambaye mtaa mzima humwita Fundi, hata mimi, anajaza, mimi nashona. Karakana ni chumba cha mbele, tunalala chumba cha nyuma, na sufi iko kila mahali mpaka kwenye chai. Mtoto tulimpata mmoja. Nilipojifungua niliwaambia wakunga kwamba huyu ndiye wa kwanza na ndiye kitinda mimba, kiwanda kimefungwa. Wakacheka, jina likamganda: Kitinda.

Kitinda alipata kazi kwenye hoteli iliyoko kisiwani. Kisiwa chenyewe ni hiyo hoteli tu, hakuna mji wala soko. Kazi yake ilikuwa matengenezo: taa, mabomba, milango inayokwama. Msimu wa mvua hoteli hufungwa na boti hupandishwa nchi kavu kwa sababu bahari inachafuka, wakabaki wachache wa kukarabati. Mwaka huu na yeye alibaki. Upepo ukaja mapema, akapanda juu ya ukumbi wa chakula kufunga mabati kamba, akateleza.

Boti haikuweza kwenda wala kurudi. Walisubiri, wakashindwa kusubiri zaidi. Tulimzika mwanetu kwa simu. Msimamizi wao aliiacha simu wazi pale kaburini, na sisi tumekaa kwenye benchi la karakana, simu iko juu ya meza ya kukatia vitambaa, tunasikiliza mvua na sepetu. Sepetu moja ilikuwa inagonga jiwe. Nililia mpaka sauti ikakauka. Fundi hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu: "Chini pakoje hapo? Pagumu?" Wakamwambia ni mchanga, na mawe mawili matatu.

Tangu siku hiyo hajalitaja jina la mtoto. Hata mimi, ambaye miaka yote aliniita Mama Kitinda, sasa ananiita "wewe".

19 Machi

Sasa hiyo likizo. Hoteli ina utaratibu wake: kila mfanyakazi, mara moja kwa mwaka, anaruhusiwa kuwaleta wazazi wake wakae wiki nzima kama wageni. Wanakiita chumba cha wazazi. Kitinda alituandikisha wiki ya kufungua, mwanzoni mwa Juni, kabla wageni hawajajaa. Alitupigia akiwa anacheka peke yake.

"Mama, uje upumzike. Na baba alale angalau mara moja kwenye godoro ambalo hakulitengeneza yeye."

Baba yake akamuuliza mito ya huko ikoje.

"Tofali tupu, baba! Asubuhi naamka shingo imeangalia kushoto, mpaka saa nne ndiyo inarudi mbele."

Tulicheka sana siku hiyo. Ilikuwa mwezi mmoja tu kabla.

Baada ya mazishi msimamizi alituambia kwamba boti zikirudi majini watatuchukua na boti ya mizigo asubuhi, tuone kaburi, jioni turudi. Mimi hicho ndicho nikitakacho. Nivae nguo zangu za msiba, nipige magoti, nilie, nirudi kwangu. Fundi amekataa katakata. "Tumealikwa wiki," amesema, akaenda zake kuchambua sufi.

23 Machi

Amepiga simu msichana wa ofisi ya hoteli, ile ya hapa mjini. Sauti kama ametoka kulamba asali. "Hongereni sana wazazi! Napiga kuthibitisha likizo yenu."

Hajui. Mjini wana majina ya wageni, kisiwani wana kaburi, na hawa hawajawaambia wale. Nikafungua mdomo nimwambie, Fundi akaninyang'anya simu. Akakaa nayo mpaka chai yangu ikapoa. Maji ya ufukweni yana kina gani? Mbu wapo? Kila mtu anaruhusiwa begi la ukubwa gani? Mtu mwenye presha anaruhusiwa kupanda boti? Nimesimama na sahani inachuruzika mkononi, namsikiliza mume wangu akiulizia mbu.

"Mbona hukumwambia?" nikamuuliza.

"Ukimwambia watakifuta chumba."

"Wakifute!"

"Chumba hicho katutafutia mwanao," akasema. Mwanao. Kana kwamba nilimleta kutoka kwetu.

24 Machi

Yule msichana kapiga tena. Nimempa jina, Asali. Anauliza tunapendelea kitanda kimoja kikubwa au viwili vidogo. Nikamwambia viwili, na kama kuna uwezekano wa vyumba viwili, nitashukuru zaidi. Akacheka akidhani natania.

2 Aprili

Mvua tangu juzi. Wifi yangu, dada yake Fundi, alikuja msibani na begi la siku tatu na mpaka leo hajaulizia nauli. Leo wakati wa chakula cha mchana kamkabili kaka yake.

"Kaka, watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Kwamba unakwenda kuogelea."

"Sijui kuogelea."

"Ndiyo maana wanashangaa!"

Fundi akaendelea kula. Alikuwa na miwani ya jua mpya mfukoni, bado ina karatasi ya dukani. Baadaye wifi akanifuata jikoni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kaka yake hana moyo, ndivyo alivyo toka utotoni, siku baba yao alipofariki yeye alikwenda kumaliza godoro la mtu. Tangu niolewe sijawahi kukubaliana na wifi yangu kwa neno lolote. Leo nimekubali.

9 Aprili

Bati linavuja juu ya sufi. Nimeweka beseni. Angekuwepo, angepanda akaziba.

Nimeandika sentensi hiyo halafu nimekumbuka alivyokufa. Sitaandika zaidi leo.

13 Aprili

Mteja amekuja anataka magodoro manne ya mabweni. Fundi kamwambia hana nafasi, ana kazi. Kazi gani? Tangu asubuhi anachambua rundo lile lile la sufi. Anatoa mbegu, anatoa vijiti, anainua fumba la kujaa kiganja kwenye mwanga, anapuliza, analirudisha, anaanza upya. Nikimuuliza anasema, "Bado ina uchafu." Wenzetu wakichanganyikiwa huvua nguo barabarani, wangu anapuliza sufi na kuulizia mbu.

Ameniomba nimshonee foronya. Nimemwambia cherehani imekufa. Iko mbele yake, ina uzi, inang'aa. Hakubisha.

16 Aprili

Dawa za presha, malapa, mafuta ya jua, dawa ya kichefuchefu cha boti. Vyote amevipanga juu ya sanduku kama duka. Nimevipita kama sivioni.

20 Aprili

Leo nimefanya kitu.

Asali alipiga asubuhi. Fundi akapokea akiwa amekaa kwenye rundo lake, na mimi nasikia kila neno. Akamuuliza kama kuna mashua za kupeleka wageni kutazama samaki. Samaki! Nilimtazama mtu huyu niliyekula naye, kulala naye na kuzaa naye, nikaona simjui. Nikamfuata, nikaivuta simu mkononi mwake.

"Binti, nisikilize," nikasema. "Aliyetuandikisha hicho chumba amekufa. Alianguka kutoka kwenye paa lenu. Kazikwa huko huko, na hatukumuona. Hatuji likizo yoyote. Hakuna cha samaki."

Nikasikia kiti kikiburuzwa kule kwake.

"Yule kaka wa matengenezo?" akauliza. Asali yote ilikuwa imemtoka. "Yule anayepiga mluzi? Mama, mimi… alikuwa akija mjini anapita hapa kutusalimia. Nilijua yuko likizo."

Akaanza kulia, na mimi nikalia, tukawa tunalia, mimi na mtu nisiyemjua sura. Nilipokata simu nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia. Fundi alikuwa ameinuka. Sufi imemganda kwenye suruali. Alinitazama, akatoka kwenye mvua bila kofia.

22 Aprili

Kapiga bwana mmoja wa ofisini kwao, sauti ya wakubwa. Pole sana kwa msiba. Utaratibu ni kwamba chumba cha wazazi ni cha wazazi wa mfanyakazi aliye kazini. Kwa kuwa mfanyakazi hayupo tena, nafasi imefutwa. Ile safari ya boti ya mizigo, asubuhi mpaka jioni, bado ipo.

Fundi aliongea naye kwa adabu. "Nimeelewa, bwana. Asante." Akaitoa kofia kwenye msumari, akaiweka juu ya kabati, chini juu.

"Umefurahi?" akaniuliza. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nilitaka kumjibu ndiyo, maana nimepata nilichotaka. Nikaenda kumwaga maji ya beseni.

23 Aprili

Mvua.

24 Aprili

Mvua. Hachambui tena sufi. Amekaa tu kwenye benchi.

28 Aprili

Leo Fundi alikwenda kuchukua dawa zake za presha. Wifi alikuwa anaumwa kichwa, akaniomba mto mzuri, si hizi takataka za mabaki tunazolalia wenye mali. Nikaingia karakana kumtafutia. Rafu ya juu kabisa, nyuma ya majora ya kitambaa, nikaona kitu kimefungwa kwenye shuka safi. Nikakishusha. Mto. Mpya, mweupe, haujavishwa foronya, umejazwa ile sufi aliyokuwa akiichambua wiki hizi zote. Hauna hata mbegu moja. Mishono midogo ya mkono, yake mwenyewe.

Nikasema, ala, kumbe mzee alikuwa anajitengenezea mto wa kwenda nao ufukweni, alale raha mustarehe! Nikapandwa na hasira, nikaulalia pale pale kwenye benchi, nione raha yenyewe.

Shingo ikapinda. Ulikuwa juu mno.

Hapa lazima nieleze kazi yetu. Fundi hajazi mto kwa kukisia. Mtu akija, anamlaza ubavu kwenye benchi na kupima kwa vidole nafasi iliyopo kati ya sikio na bega, na hapo ndipo mto unapojazwa. Mwenye mabega membamba mto wake unakuwa chini, mwenye mabega mapana unakuwa juu. Na kabla hajauuza anaulalia kwanza yeye, kila mto, mpaka watu wanamtania kwamba analipwa kwa kulala. Mimi mabega yangu ni ya kuku. Ya Fundi yameteremka kama paa. Mto ule haukuwa wangu, haukuwa wake. Mtu mmoja tu nyumba hii alikuwa na mabega ya kuzibia mlango.

Nikabaki nimeulalia. Fundi akanikuta hivyo, mkononi ana mfuko wa dawa.

"Wa nani?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

Akakaa chini, kwenye rundo la sufi. "Alisema ya huko ni tofali," akasema. "Nilimwahidi tukija nitamletea mmoja."

"Fundi."

"Nimeujaza mara nne. Nafungua, naongeza, naona umezidi. Nafungua, napunguza. Sijawahi kumpima, unajua? Watu wote wa mtaa huu nimewapima, mtoto wangu mwenyewe alilalia mabaki. Bega lake silikumbuki vizuri. Nafumba macho naliona, nikishika sufi linapotea."

"Sasa wiki nzima ya nini? Si ungeupeleka na boti ya mizigo, siku hiyo hiyo?"

Akanitazama kama nimeuliza swali la mtoto. "Wewe hujui? Wateja wote nawapa wiki. Mto haujulikani siku moja. Naacha kona moja haijafungwa, analalia wiki, halafu namuuliza, nipunguze, niongeze? Ndiyo tunafunga. Wote nawapa wiki. Yeye nimpe siku moja?"

Nimefanya naye kazi miaka yote hiyo. Hizo kona nimezifunga mimi, kwa sindano hii hii. Na nilimwona akiulizia mbu nikasema hana moyo.

Nikaenda chumbani, nikalitoa shati lake la mwisho nililomshonea, lile la kijivu. Nikalitandaza kwenye meza ya kukatia. "Pima," nikamwambia. "Mshono wa kola mpaka mshono wa bega. Bega hili nililikata mimi, halidanganyi." Akaweka vidole. Akapima, akapima tena, akafungua kona ya mto, akaongeza sufi fumba moja, la pili akalirudisha. Kisha akauinamisha uso kwenye shati na kulia. Alilia kwa sauti ambayo sikujua anayo. Sufi ikamganda usoni, kwenye ndevu, kwenye kope, na mimi namfuta kwa kanga huku nalia, inazidi kuganda.

Wifi alisimama mlangoni ameshika kichwa. Aliona kila kitu. Akachukua mto wa mabaki, akarudi zake kulala.

29 Aprili

Cherehani imefufuka. Nimeshona foronya. Wifi ametoa kitambaa chake cheupe alichokuwa amejiwekea, akakiacha mezani, akaenda kupika.

6 Mei

Nimempigia Asali mwenyewe. Nimemeza kiburi chote, nikamwomba. Nilimweleza habari ya mto tangu mwanzo mpaka mwisho. Kasema amelia kwa bosi wake na bosi kasema utaratibu ni utaratibu. "Mama, mimi ni mtu mdogo hapa," akasema. Nikamwambia asante hata hivyo. Mdomo wangu ndio ulioniponza, na sasa hauna uwezo wa kurudisha.

Fundi hakunilaumu. Kasema basi tutakwenda na boti ya mizigo, na mto atauacha. Lakini kona hajaifunga.

10 Mei

Mvua inapungua. Jua limetoka kwa muda wa kuanika shuka mbili.

15 Mei

Kuna mtu amepiga kutoka kisiwani. Kijana, sauti nzito, mwenye haya. Anasema anaitwa Ndefu, ni mpishi, alikuwa analala chumba kimoja na Kitinda, Kitinda kitanda cha juu na yeye cha chini.

"Mama, shikamoo. Baba yupo? Nataka wote mnisikie."

Nikaiweka simu wazi juu ya meza ya kukatia, pale pale. Tukakaa kwenye benchi.

"Siku ile," akasema, "sepetu iliyokuwa inagonga jiwe ilikuwa yangu. Nilijua mnasikia. Nilijaribu kulikwepa, nikashindwa. Imekuwa ikinisumbua tangu siku hiyo. Naomba mnisamehe."

"Mwanangu, hakuna kosa," nikasema.

"Baba?"

Fundi alikohoa. "Jiwe ulilitoa?"

"Nililitoa, baba. Yote niliyatoa. Nilishuka mwenyewe nikapapasa kwa mikono, pakawa laini."

Fundi akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba Ndefu anamwona. Nilimshika mkono.

Ndefu akaendelea. Yeye wazazi wake wote wawili walishafariki, na kila mwaka chumba chake cha wazazi kinapita bure. Mwaka huu amekiombea wiki ya kufungua. Majina aliyoandika ni yetu.

"Watakubali?" nikauliza. "Wewe si mtoto wetu."

"Hakuna aliyesema wanapima damu. Na aliyeyaandika kwenye kompyuta ni yule dada wa ofisini. Amesema niwaambie, begi ni moja kila mtu, na mbu wapo."

Fundi akainuka, akavuta kiti, akaishusha kofia kutoka juu ya kabati. Akaipuliza vumbi.

23 Mei

Jua. Boti zimerudishwa majini, Asali ametuma ujumbe. Nguo za msiba nimezirudisha sandukuni. Nimechukua gauni la njano ambalo Kitinda alilisifia. Wifi ameliona, akaanza, "Lakini wif…" halafu akajiziba mdomo mwenyewe.

31 Mei

Leo tumefunga mizigo na imekuwa vita. Mto peke yake unajaza begi zima. Wifi akataka kuukalia ili unywee, Fundi akapiga ukelele kama amekanyagwa. "Ukiukandamiza sufi inashikana! Mwezi mzima nimechambua!" Mwishowe nguo za wote wawili zimeingia begi moja, dawa na malapa kwenye mfuko, na mto ataupakata. Wifi anabaki kulinda nyumba. Amemwambia kaka yake, "Mpe salamu za shangazi." Kisha akatoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka.

2 Juni

Tumefika. Naandika nikiwa kitandani, kitanda ni kimoja, kikubwa, na Fundi ameshasema godoro lao limelala upande wa kushoto.

Bahari ilikuwa tulivu lakini Fundi alitapika hata hivyo. Maji yalipoanza kurukia ndani alivua kofia yake, akaufunika mto, akabaki kichwa wazi jua linampiga mpaka tumefika. Wageni wengine walikuwa wanapiga picha. Mama mmoja akaniuliza kama ni mara yetu ya kwanza. Nikamwambia tumealikwa na mtoto.

Ndefu alikuwa gatini, na kweli ni mrefu, amevaa aproni. Akainama. "Shikamoo mama. Shikamoo baba. Karibuni, wazazi." Nilipomkumbatia nilifika kifuani. Hakutupeleka chumbani kwanza wala mapokezi. Akabeba begi, akatangulia, tukapita nyuma ya jiko na nyuma ya dobi, mashuka ya hoteli yameanikwa.

Pale. Kaburi la mwanetu, wenzake wamelizungushia vigae vya bafuni vilivyobaki kwenye kazi yake ya mwisho, vyeupe, vimepangwa sawasawa. Mchanga umesawazishwa kwa reki. Nilikuwa nimejiandaa kulia, lakini nilikaa chini tu nikaushika mchanga ule. Ulikuwa na joto.

Fundi akavua viatu. Akaupeleleza mchanga kwa kiganja, hapa na pale. "Laini," akamwambia Ndefu. Ndefu akageuka, akatuacha.

Akatandika shuka pembeni ya kaburi, akaweka mto, akaulalia kwanza yeye, ubavu, anaangalia upande wa mtoto, kama alivyolalia mito ya watu wote. Miguu yake mikavu, viatu kando. Halafu akanisogezea nafasi. "Njoo, wewe."

Nikalala. Kichwa changu nyuma ya chake, mto mmoja. Ulikuwa juu mno kwa wote wawili na shingo zikapinda. Hatukuinuka mpaka Ndefu alipokuja kutuita kula.

3 Juni

Tumelala tena pale kaburini, asubuhi. Shingo inauma.

5 Juni

Ndefu ametuonyesha chumba chao. Kitanda cha juu bado kina godoro lakini hakuna anayekilalia. Mto wake upo. Fundi kaubonyeza. Ni tofali kweli, hakudanganya.

Baadaye tukapanda mashua kutazama samaki. Kitinda aliwahi kutusimulia kuna wenye mistari, na tumewaona. Fundi alitazama kwa miwani ya jua na machozi yalitoka chini ya miwani. Nilimwacha.

8 Juni

Boti inaondoka saa sita. Tumekwenda kaburini asubuhi mapema kidogo, baada ya chai. Fundi alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati la kazini lenye sindano ukosini.

Akauweka mto juu ya mchanga, ndani ya vigae, mahali pa kichwa. Akachuchumaa mbele yake, akapachika kalamu sikioni kama anavyofanya mteja akirudi siku ya saba, akainamisha kichwa pembeni.

"Haya," akasema. "Umelalia wiki. Unasemaje? Nipunguze, niongeze?"

Akasubiri. Na mimi nikasubiri. Nyuma yetu mashuka yalikuwa yanapigwa na upepo, na mtu wa dobi alikuwa anacheka na mwenzake. Fundi alisubiri muda mrefu, zaidi ya anavyowasubiri wateja wengine, na hakubanduka wala hakunitazama.

Kisha akaichomoa sindano ukosini, akanipa. Mto tutauacha kitandani kwake, kitanda cha juu, Ndefu ameahidi hakuna atakayeulalia. Akanionyesha ile kona iliyokuwa wazi.

"Basi uko sawa," akasema. "Mama Kitinda, funga."

Nikafunga.